Sitarudia

Nimefika Kolwezi. Kilomita 300 na ushei kutoka Lubumbashi, hapa hapa Kongo, malori ya madini mbele na nyuma, vumbi mpaka ndani ya masikio. Mwenza wangu mpya wa kuhubiri anatoka Kananga na anakoroma kwa Chiluba. Jumamosi kabla ya kuhama tulibatiza watu wawili, mwenza wa zamani alipona malaria, upepo ukang'oa mabati pale tulipokuwa tumepanga. Hayo nitayasimulia siku nyingine. Leo kuna neno moja limenikwama kooni, na Jumatatu ndiyo siku yangu pekee ya kuandika.

Mlio nami tangu mwanzo mnamjua Mama wa makala, yaani muuza mkaa, yule wa pale kona, komine (sehemu ya mji) ya Kenya. Wageni niwaambie tena: ndiyo, Lubumbashi ina komine inayoitwa Kenya. Mtoto wa Kakamega nilipanda ndege kwenda kuhubiri ng'ambo, nikashukia Kenya. Utani huo ulinilisha miezi 7. "Elder wa Kenya anaikala Kenya," watoto wakipiga kelele kila tukipita; Elder ndivyo tunavyoitwa sisi wamisionari.

Mama wa makala hakubatizwa, na sidhani ana mpango huo. Alikuwa akitusikiliza huku anapanga makala yake mafungu mafungu, na tukifika penye utamu wa somo anatukatiza: "Mulikula?" Ndiye aliyenifundisha kwamba ugali ni bukari, kisamvu ni sombe, jiko ni mbabula. Nikisema "watu" alikuwa anacheka. "Sema batu. Weye uko muntu wa kitabu?"

Basi, wiki 6 nyingine za kungoja uhamisho zikaisha, simu ya rais wa misheni, mkuu wetu, ikalia, na safari hii jina lilikuwa langu. Jumanne jioni nikaenda kumuaga Mama. Maneno nilikuwa nimeyapanga njiani, mazuri kabisa. Nilipofungua mdomo koo likafunga. Nikasema kitu kama "Mama, kesho naondoka, asante kwa yote," lakini kilitoka kama nina tonge la bukari mdomoni.

Akanitazama. Akauliza, "Elder, utarudia?"

Nikajibu, "Hapana Mama, sitarudia. Nimemaliza."

Akanyamaza kidogo. "Njo vile," akasema, akarudi kupuliza mbabula yake.

Kwetu kurudia ni kusema tena. Kule kurudia ni kurudi. Na si kwamba sikujua! Miezi 7 nimesikia watoto wakirudia kutoka shule na akina baba wakirudia kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na magunia ya unga. Mimi mwenyewe nimemwambia mwenza mara ngapi, "twende turudie, giza linaingia." Lakini jioni ile, machozi yakiwa karibu, masikio yangu yalikimbilia Kakamega. Nilidhani hakunisikia, anataka niyaseme tena yale maneno. Na nisingeweza kuyasema tena bila kulia mbele ya wateja wake.

Niligundua saa 4 na robo usiku, soksi mkononi, nikifunga sanduku. Saa 4 na nusu taa zinazimwa. Na basi linaondoka alfajiri.

Kwa hiyo njia nzima nilikuwa naigiza. Utarudia? Ndiyo Mama, nitarudia. Utarudia? Kurudia wapi, Mama, mimi siendi popote. Utarudia? Mama, ngoja, umesema kurudia ya kwenu au ya kwetu? Lile bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na mlima wake mweusi wa makapi vilipotea nyuma, na sikuaga hata kidogo, nilikuwa na shughuli zangu. Kinachouma ni kwamba hakushtuka. Alipokea kama mtu aliyeuliza bei akatajiwa ileile aliyoitarajia. Sijui ni wangapi waliokwisha kumjibu hivyo pale kona, na wao wakiwa wamemaanisha.

Leo asubuhi mwenza wa zamani amepiga simu. Nilikuwa nimemsihi aende kunisafishia jina. Anasema Mama alicheka mpaka akakalia gunia. "Nilijua! Ule Kiswahili kinamushinda." Halafu akauliza kama Elder mpya anakula sombe. Mimi nami nikacheka, peke yangu, jikoni, mpaka huyu wa Kananga akaja kuchungulia.

Lakini hakusema "mwambie arudie." Nimemuuliza mwenza mara mbili, akachoka nami. Alichosema ni kwamba tuna deni la fungu moja la makala, la ile Ijumaa umeme ulipokatika tukawa na maharage mabichi. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nimefurahi kuliko inavyopasa mtu kufurahia deni. Nimemwambia alipe nusu. Nusu ni yangu.

Mwenza ananiambia huo ni wizi.

Mama, yaani wewe mama yangu, najua unasoma hapa kabla ya barua: hujasema lolote kuhusu yule ng'ombe. Kwa hesabu yangu miezi 9 imepita na siku juu. Amezaa? Na kama hajazaa, daktari wa mifugo amekuja, au Baba bado anasema tungoje mvua?