Utando mweupe kwenye pipa la mbege: nilichomwaga na nilichobakiza

Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya kipaimara cha mtoto wa wifi yangu niliisimamia mimi. Huku Kibosho, Kilimanjaro, sherehe isiyo na mbege watu wanaiita kikao. Ilikuwa masika, baada ya Pasaka, jua la kuombea. Ndizi zilikuwa zimeshapikwa mpaka zikaiva rangi ya udongo mwekundu, zikapoa, tukazigawa kwenye mapipa matatu ya plastiki, na nyalu, ndio hizo ndizi zilizopikwa, ikaanza kuchachuka. Nilipofunua ili nikoroge, mapipa mawili yalikuwa yanatoa povu na kunguruma vizuri. La tatu lilikuwa kimya, na juu yake umetanda utando mweupe, mkavu, wenye mikunjo.

Shemeji alishanyanyua kata. "Toa hilo gamba, tia sukari kidogo, nani atajua?" Mama mkwe yeye hakutaka hata kusogea. "Mwanangu, mwaga lote. Nisije nikasemwa kanisani." Nikawaomba wote wawili wanipe mpaka jioni.

Mbege haijawahi kuwa kitu kisicho na vijidudu. Chachu yake inatoka kwenye ndizi zenyewe, kwenye mapipa, kwenye hewa ya jikoni, na bakteria wa asidi ya laktiki wamo tangu mwanzo. Ndio wanaoipa ule uchachu tunaoupenda. Kwa hiyo kuuliza kama pipa limeingiwa na kitu ni kupoteza muda. Limeingiwa, siku zote. Nilichotaka kujua ni nani kashika usukani.

Nilianza na macho, nikimulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, kwa sababu ukimulika kutoka juu manyoya hayaonekani. Utando mweupe, tambarare, usio na manyoya, kwa kawaida ni chachu za mwituni zinazopenda hewa. Zinaharibu ladha, basi. Manyoya, au doa la kijani, jeusi au la waridi, hapo ni ukungu, na ukungu hauchotwi juu ukaisha: nyuzi zake na sumu yake hushuka chini ambako huoni. Ningeona hata doa moja la namna hiyo ningemwaga bila kuuliza mtu. Sikuona.

Pua ikafuata. Mapipa mawili yalinukia ndizi, mkate, na uchachu wa kawaida. La tatu lilikuwa na harufu ya siki, na nyuma yake ile harufu kali ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hiyo ni kazi ya bakteria wa siki, ambao hawawezi kitu bila hewa. Nikakagua kifuniko, nikakuta ukingo umepasuka upande mmoja. Pipa hilo tuliliazima. Nikachota kidogo kwa kata, nikamimina polepole kuangalia kama kinavutika. Kikivutika kama mlenda, kuna bakteria wengine wanaotengeneza ute. Hakikuvutika. Ulimi niliuacha mwisho, tone tu, nikatema. Siki changa.

Nina karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha uchachu (namba ikishuka, uchachu umezidi), nilizipata nilipokuwa nafanya kazi kwenye mradi wa maziwa. Mapipa yote yalisoma karibu na 4. Chini ya 4.6 kijidudu cha botulizimu, ile sumu ya chakula inayoua, hakimei, kwa hiyo hilo nililiondoa kichwani. Lakini karatasi hizi zina mwisho wa ujuzi wake: ukungu unaota hata kwenye uchachu, na sumu iliyokwisha kuingia haibadilishi rangi ya karatasi.

Hapo ndipo nilipoenda kuangalia unga, na hofu yangu ya kweli ilianzia hapo.

Kimea cha ulezi tulikinunua sokoni, tayari kimesagwa. Ulezi wa kimea unalowekwa, unaoteshwa, kisha unaanikwa mpaka ukauke kabisa ndipo usagwe. Kwenye masika hayo "ukauke kabisa" ni maneno ya matumaini. Gunia lilikuwa limeegemea ukuta, na upande wa ukutani unga ulikuwa umeshikana mabonge. Nilipovunja bonge moja, ndani kulikuwa na rangi ya kijani kijivu na harufu ya nguo iliyokaa mvua ndooni. Shemeji alisema uchemshwe tu, si unapikwa uji kwanza?

Nilimkatalia kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, haifi kwa kuchemsha. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na hakuna aliyeyala mabichi. Na kuna kisa kingine ninachokikumbuka kila nikishika unga wa pombe. Januari 2015, huko Chitima, jimbo la Tete nchini Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji msibani, wakafa 75. Mwanzoni watu walisema ni nyongo ya mamba. Uchunguzi ulikuja kuonyesha ni unga wa mahindi ulioharibika, uliokuwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, anayetoa sumu ya asidi ya bongkreki. Sumu hiyo haina harufu, haina ladha, na moto hauiondoi. Yaani pua yangu, ulimi wangu na karatasi zangu, vyote visingeona kitu.

Siki inajitangaza yenyewe toka mlangoni. Ukiwa na pipa limechacha vibaya, hasara yako ni ndizi na kuni. Unga ulioloa ndio unaopaswa kukunyima usingizi, na ajabu ni kwamba siku hiyo watu wote walikuwa wamezunguka pipa, hakuna aliyelitazama gunia.

Gunia zima nililizika, pamoja na sehemu iliyoonekana nzuri, maana unga ukishatikiswa njiani huwezi kusema kibaya kimeishia wapi. Sikuwapa kuku wala nguruwe, ingawa hilo lilizua mjadala mrefu kuliko pombe yenyewe. Kuku wanadhurika vilevile, na ng'ombe akila pumba yenye sumukuvu, inatoka kwenye maziwa yake. Nikamwaga majivu juu, nikafukia.

Kimea kingine mama mkwe alikitoa darini, juu ya jiko la kuni, ambako moshi na joto hukikausha mwaka mzima. Kilikuwa bado punje. Nikakimwaga kwenye ungo mweupe, nikachambua mwangani, nikatafuna punje kadhaa: zilivunjika kwa mlio, tamu kidogo. Tukasaga, tukapika uji, tukaupoza, tukauchanganya na nyalu ya mapipa mawili mazima, na msesewe wake, lile gome chungu la mti. Kuna wanaoamini msesewe unasafisha pombe iliyoharibika. Mimi nautia kwa uchungu wake tu. Sikuutegemea uokoe kitu. Kila pipa lilikuwa na kata yake, kwa sababu kata moja ingehamisha siki mapipa yote kabla ya misa kwisha.

Mbege ilitosha, kwa kubana kidogo na kuongeza soda kwa vijana. Pipa la tatu sikulipeleka kwa wageni wala sikulimwaga. Nilichuja, nikaifunika kwa kitambaa chepesi ili ipate hewa, nikaiacha imalize safari iliyokwisha kuianza. Imekuwa siki ya ndizi nzuri sana.

Kuliosha pipa nako kuna utaratibu. Sabuni na maji moto kwanza, kwa sababu klorini haifanyi kazi juu ya uchafu. Suuza mpaka harufu ya siki iishe kabisa, ndipo utie maji ya klorini; klorini ikikutana na siki inatoa gesi ya kukaba mapafu. Baada ya hapo nilipitisha kidole kwa ndani, nikakuta limechubuka mistari mistari, na kwenye michubuko vijidudu hujificha hata ukisugua. Tulimnunulia mwenye pipa jingine. Lile la zamani sasa linanyweshea ng'ombe.

Shemeji bado anadai tuliwanyima wageni pombe nzuri, na anadai hivyo huku akiimwagia siki yake kwenye nyama.