Mpangaji wa mikarafuu amerudi Mtambwe

Tangu nirudi Pemba naulizwa jambo moja kwa sura nyingi. Wazee wa Mtambwe wanataka kujua nimechuma nini huko nilikokuwa, kisiwa cha Bali, Indonesia. Vijana wananivuta pembeni baada ya sala ya alasiri: "Ami, Bali kuna fursa gani?" Wameona picha za fukwe za Kuta na mabwawa ya kuogelea yanayotazama mpunga, basi wanadhani nilikuwa humo. Nimeona bora niandike mara moja, kila atakayeuliza nimtumie.

Bali niliyoishi mimi haina ufukwe. Pegayaman ni kijiji cha milimani, kusini ya mji wa Singaraja, kaskazini mwa kisiwa. Kutoka uwanja wa ndege wa Denpasar ni kama kilomita 80 tu, lakini utatumia karibu saa tatu, maana barabara inapanda milima ya Bedugul kwa kona na ukungu, na ukilikuta lori mbele yako huna la kufanya ila kuvuta subira. Karibu Bali yote ni ya Wahindu, ila Pegayaman ni kijiji cha Waislamu tangu enzi za mfalme Panji Sakti wa Buleleng, katika karne ya 17. Watu wake ni Wabali khasa. Wanasema Kibali, na mtoto anaweza kuitwa Wayan au Ketut kisha likafuata Abdullah. Mke wangu ni wa huko. Tulijuana kisiwa jirani cha Java nilipokuwa chuoni kwa ufadhili wa masomo, na baada ya nikaha nikamfuata kwao. Walionicheka kwa kuhamia kwa wakwe wamekwisha kuchoka kucheka.

Siku za mwanzo kilichonituliza ni Mfunguo Sita. Watu wa Pegayaman wanasherehekea Maulidi kwa kuandamana na sokok, mapambo marefu ya majani ya tambuu na ya mayai, na wanaume wanasoma Burdah kwa matari makubwa kuliko ninayoyajua mimi. Mahadhi si yetu, lakini maneno ninayajua. Nikakaa nikaitikia. Kesho yake watu wakawa wananiita kwa jina.

Kubwa zaidi ni kwamba pale wanalima karafuu. Mpemba niende upande wa pili wa bahari nikute mikarafuu mlangoni! Na si ajabu, kwa sababu asili ya mmea wenyewe ni visiwa vya Maluku, mashariki ya Indonesia. Sisi tuliletewa karne ya 19. Watumiaji wake wakubwa pia ni wao, kwa zile sigara za karafuu, kretek. Kwa miongo mingi karafuu za Unguja na Pemba zilipakiwa melini kwenda kuvutwa Java. Kisha serikali ya Rais Suharto ikahimiza watu wapande yao, na kufika katikati ya miaka ya 1980 wakajitosheleza. Bei ya dunia ikaanguka, nasi tukaanguka nayo. Marehemu baba alikuwa akililia bei ile mpaka siku zake za mwisho, na mimi nikaenda kuoa kwa hao hao waliotuulia soko. Mkwe wangu nilipomsimulia alicheka, halafu akanieleza yao: miaka ya 1990 biashara ya karafuu ilikabidhiwa bodi moja, BPPC, chini ya Tommy, mwana wa Suharto, ndiyo peke yake ya kununua. Sehemu nyingi wakulima waliitelekeza mikarafuu yao, wengine wakaikata. Bodi ilivunjwa 1998 kwa shinikizo la IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Siku hizi mkulima anamuuzia mchuuzi yeyote anayefika na mizani. Mkwe anaipenda hali hiyo, ingawa msimu bei ikishuka hana wa kumlilia.

Sasa hilo la kuwekeza. Kwanza sahau kununua ardhi. Sheria yao ya ardhi ya 1960 inasema haki kamili ya umiliki, Hak Milik, ni ya raia tu. Mgeni anaweza kukodi, au kupata haki ya matumizi kwa muda. Kufungua kampuni ya kigeni kunataka mpango wa uwekezaji unaozidi rupia bilioni 10, yaani kama dola 600,000. Aliye nazo hizo hasomi maandishi yangu. Basi wageni wengi hupita dirishani: wananunua kwa jina la mwenyeji mmoja, rafiki au mpishi, na kuandikiana karatasi za siri. Karatasi hizo mahakamani hazina nguvu. Nimemwona mzungu mmoja upande wa kusini akibaki na begi lake tu baada ya "rafiki" kufariki na warithi kuja na hati. Huruma niliyomwonea haikuwa kubwa sana, nisiseme uongo.

Hata ndoa ina mtego wake. Mwenyeji akiolewa na mgeni bila mkataba wa kutenganisha mali, kila ardhi atakayoipata ndani ya ndoa inahesabiwa nusu ni ya mgeni, na kwa hiyo hata mwenyeji mwenyewe haruhusiwi kuishika. Zamani mkataba huo ulikuwa lazima uandikwe kabla ya nikaha. Mahakama ya Katiba ilibadilisha hilo 2016, sasa unaandikwa hata baada ya ndoa. Tuliuandika kwa mthibitishaji Singaraja. Mama mkwe hakuupenda, aliona kama tunajiandaa kuachana.

Nilichofanya mimi ni kukodi miti. Ardhi ya mwenyewe, mikarafuu ya mwenyewe, nami nalipa kwa misimu kadhaa, natunza, nachuma, nauza. Kwetu pia watu hukodishana mikarafuu, kwa hiyo nilijua la kuuliza. Mkataba tuliuweka mbele ya mkuu wa kitongoji, ambaye kwa kazi zake ni kama sheha: ukifika unaripoti kwake, ukizaa unaripoti, ukigombana unamkuta ameshasikia. Lakini mkataba haukuwa na maana kabla ya mambo mengine. Kijiji kilitaka kuniona nikichimba kaburi, nikibeba viti vya harusi, nikisafisha mfereji siku ya kazi ya pamoja. Mke wangu aliingia upatu wa kina mama, wanauita arisan, na habari za nani anakodisha shamba zilikuja kwa njia hiyo, hazikuja kwangu.

Kuna aina ya biashara niliikataa. Wanaiita ijon: mwenye fedha anamfuata mkulima miezi ya njaa, ananunua mavuno yangali mtini kwa bei ya kutupa. Faida yake ni kubwa, na ndiyo inayowafanya wengine waendelee kuwa maskini miaka yote ilhali miti wanayo. Wapemba wenzangu, msijifanye hamuijui.

Wachumaji wa huko hawapandi matawini kama sisi. Wana ngazi ya mwanzi mmoja, mrefu, uliotobolewa na kupitishwa vijiti vya kukanyagia kushoto na kulia, kisha unafungwa kamba pande zote. Mtu anasimama nje ya mti. Anayeanguka yupo, lakini matawi hayavunjiki ovyo, na mwaka unaofuata mti unazaa vizuri zaidi. Jambo lao ambalo sikulipenda ni kuokota majani yote makavu na kuyapeleka kukamuliwa mafuta. Fedha ni ya haraka, ila ardhi inabaki uchi. Makonyo yetu, vile vikonyo vya karafuu, yanayokwenda kukamuliwa mafuta kiwandani Wawi hapa Pemba, yana akili zaidi.

Anayetaka kutembea tu, aende Julai hadi Septemba, akute karafuu zimeanikwa pembeni ya barabara na maporomoko ya Gitgit yako jirani. Aangalie tarehe ya Nyepi, mwaka mpya wa Kihindu: kisiwa kizima kinanyamaza saa 24, uwanja wa ndege unafungwa, hata pikipiki haipiti. Na asishangae sikukuu ikifika jirani Mhindu akaleta sahani, naye akarudishiwa yake siku ya Idi.

Kwa hiyo, vijana, fursa ya Bali kwa mtu wa mfuko wetu ni ndogo na inataka uvumilivu. Niliporudi nililoliona kwa jicho jipya ni kwetu. Mbele ya ofisi ya kijiji kule kuna bango kubwa la fedha za mwaka, zimetoka wapi na zimekwenda wapi, hadi gharama ya kipande cha njia ya zege, maana kijiji kinapokea mgao wake kutoka serikali kuu tangu 2015. Nimepita ofisi ya shehia yetu, ukutani kuna kalenda ya mwaka juzi. Na tunazo eka tatu tulizopewa wazee wetu baada ya Mapinduzi, ambazo wapo wanaotamani ziuzike. Mimi nimeishi mahali ambapo mgeni hanunui, na nadhani ndiyo sababu Pegayaman bado ni ya watu wa Pegayaman.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa shangazi, mikarafuu yake imezongwa na magugu tangu ami afariki. Aliponiona alidhani nimekuja kumnunulia mavuno yangali mtini, akataja bei ya chini kabla sijakaa. Nikamwambia sitaki hivyo: nitasafisha shamba, nitalipa wachumaji kwa pishi, zikikauka tuzipeleke ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kwa jina lake, na mimi nipate theluthi. Mke wangu akamweleza habari ya ngazi za mianzi, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akanigeukia mimi: "Theluthi sawa. Lakini hiyo ngazi utaipanda wewe kwanza, mie niko chini nakutazama."