Dakika 40 ndani ya dakika 20

Asubuhi nikifungua inkubeta, harufu hutangulia, kisha sahani za MacConkey, agari ya kuoteshea bakteria, zenye makoloni ya pinki. Jana jioni nilipitisha kitanzi chenye mkojo wa mgonjwa juu ya agari hiyo, leo bakteria wa E. coli wametapakaa, kila koloni ni ukoo wa mamilioni.

Juzi mwanafunzi wa field aliiinua sahani kwenye mwanga akaniuliza: "Madam, kama hawa huzaliana kila dakika 20, hiyo DNA wanainakili saa ngapi?" Nilifurahi mno, maana swali hilo lilinikosesha usingizi nikiwa chuoni.

Tukapiga hesabu nyuma ya fomu ya vipimo. DNA yake ni duara la jozi za herufi kama milioni 4.6. Kunakili huanzia sehemu moja tu, oriC, kipande cha herufi 250 hivi, kisha huenda pande mbili, kila upande kwa kasi ya herufi kama 1,000 kwa sekunde. Gawanya: karibu dakika 40. Mara mbili ya muda wa kuzaliana!

Siri iko pale pa kuanzia. Protini za DnaA zilizobeba ATP, molekuli ya nishati, hujipanga juu ya oriC na kuikaza mpaka nyuzi mbili ziachane, na huachana palipojaa A na T. Herufi hizo zimeshikana kwa bondi mbili tu za hidrojeni, ilhali G na C zina tatu. Fundi naye akifumua nguo hutafuta mshono uliolegea. Nyuzi zikishafunguka, kila mmoja huvishwa pete ya DnaB, protini inayoendelea kuzitenganisha, na safari inaanza.

Sasa, bakteria aliyeshiba hangoji safari hiyo iishe. Zile oriC mbili mpya huanza tena huku duara la kwanza likiwa bado njiani. Wanasayansi Cooper na Helmstetter walilieleza hilo mwaka 1968. Kwa hiyo DNA anayoigawa bakteria leo ilianza kunakiliwa enzi za bibi yake.

Si kwamba huanza ovyo. Uzi mpya huzaliwa bila alama za methili, vialama vya kikemia ambavyo uzi wa zamani unavyo. Protini ya SeqA huitambua tofauti hiyo, ikaifunika oriC kwa muda ili DnaA isirudi mapema.

Mwanafunzi aliirudisha sahani mezani taratibu, kwa mikono miwili. "Kumbe wajukuu wameshaandaliwa," akasema.