Kofia ya Baba, kaseti za Mama na vileja vya siku ya mvua

Mvua imeanza tangu alfajiri na haina dalili ya kukata. Hapa kwetu Michenzani, kwenye maghorofa ya Unguja mjini, ikinyesha hivi basi hakuna pa kwenda, huko chini watu wanakimbia wamejifunika mifuko ya plastiki, dala dala zinapita zinarusha maji, na mimi niko juu nimekaa kitako kwenye mkeka aliousuka Mama mwenyewe kule Wete, Pemba, chai ya tangawizi pembeni, vileja (vile vibiskuti vya unga wa mchele) kwenye sahani, kofia ya Baba nnayoishona mapajani. Hizi ndo siku zangu, wallahi sizibadilishi na kitu.

Kofia hii nimeianza Mfungo Tisa, miezi mitatu kabla ya Ramadhani, na sasa tuko Mfungo Pili, mwezi wa pili baada yake. Watu wananambia mbona unajipa tabu, kofia za mashine zipo tele soko la Darajani unanunua na chenji unarudishiwa. Ni kweli zipo, na nyengine nzuri. Lakini kofia ya mkono ukiishika tu unaijua, ina uzito wake, na kila kiua ni tundu lililotobolewa na mtu aliyekaa chini akalishughulikia peke yake.

Kwa asojua, ni hivi. Unachukua kitambaa cheupe tabaka mbili, unakata duara la juu na ule ukanda wa kuzunguka kichwa, unachora nakshi kwa penseli, kidogo kidogo mana ukikosea mstari mmoja maua yote yanakwenda upande. Halafu unatoboa kwa sindano nene, unalipanua lile tundu taratibu, kisha unachukua sindano nyembamba unalizungushia uzi, unapita pale pale mara nyingi, mpaka ukingo unakaa umenyanyuka kama kijipete. Tundu lenyewe halipiti punje ya mtama. Ukivuta uzi kwa pupa linajikunja, ukilegeza linafumuka ikifuliwa mara ya kwanza. Na hapo umemaliza moja, kuna mamia.

Nlifundishwa nikiwa mdogo. Tukitoka chuo cha Kurani jioni tunakuta wamama wamekaa barazani kila mtu na kazi yake, huyu anachana ukindu, huyu anasuka ukili, huyu ana kofia, na midomo inafanya kazi vile vile. Mama akanipa kipande cha kitambaa cha kujifunzia, akanambia "mwanangu toboa ishirini, ukimaliza nionyeshe". Nlipomuonyesha akalitia kila moja ncha ya sindano, akageuza upande wa ndani akatazama, kisha akafumua kumi na mbili. Nane akaziacha. Nlilia siku ile, lakini mpaka leo nikimaliza kiua nnageuza ndani kutazama kwanza, kwa sababu nje kila mtu anaweza kupendezesha.

Sasa kile kitu changu cha pili, ambacho watoto wangu hawakielewi kabisa, ni redio kaseti ya Mama. Nlikuja nayo kutoka Pemba kwenye meli nimeipakata kama mtoto mchanga, na kiboksi cha kaseti zake. Nyingi si za kununua, alikuwa akirekodi mwenyewe kutoka Sauti ya Tanzania Zanzibar, kwa hiyo wimbo unakwisha na nusu ya maneno ya mtangazaji yamo, na mahali fulani unasikia jogoo wetu anawika, na Mama anamfukuza mtu asipige kelele. Yani nnapenda zile nyimbo lakini ile sauti ya Mama akisema "shhh" hapo ndo mkono unasimama.

Zimo za Ikhwani Safaa, kundi la taarab lililoanzishwa 1905 na mpaka leo lipo, na zimo za Siti binti Saad zilizotoka kwenye sahani za santuri. Mama alikuwa akitusimulia kisa cha Siti kila akiiweka ile kaseti, mwimbaji wa taarab, mwanamke wa Fumba, alikuwa akizunguka na vyungu vyake kuuza, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kwenda kurekodi, wakati ambao mwanamke wa hapa kurekodi nyimbo halikuwa jambo linalofikirika. Sauti imejaa mikwaruzo, lakini ukizoea hiyo mikwaruzo inakuwa kama mvua ya nje.

Utepe ukilegea unaurudisha kwa penseli, unaitia kwenye kitundu cha kaseti unazungusha. Mimi penseli nnayo moja tu, ile ile nnayochorea kofia, basi huwa nnachora ua, nnarudisha utepe, nnachora ua. Mtoto wangu wa mwisho akakaa pembeni akaomba azungushe yeye, akazungusha kaseti nzima huku simu yake ipo chini haigusi. Sikusema kitu, nikamuachia.

Ramadhani redio inapumzika, naifunga kanga naiweka kabatini tangu mwisho wa Shaabani, na mikono inahamia jikoni.

Vileja vyangu ni hivi: nusu kilo unga wa mchele, robo samli, robo sukari ya kusaga, mayai mawili, kijiko kidogo cha baking powder, hiliki uliyoitwanga mwenyewe (ya pakiti haina harufu, nasema ukweli) na arki ya kutia harufu matone mawili. Tabu ni kuwa umefunga, huwezi kuonja, unategemea pua na vidole. Unaufumba unga kwenye kiganja, ukishikana halafu ukiusukuma kwa kidole gumba ukapasuka bila kumwagika, basi umekuwa. Mwaka huu samli nliitia ingali ya moto, tabu yake nikaiona kwenye trei, vikatandazika vyote vikashikana. Nlisikitika sana mana hiliki ile nliletewa kutoka shamba. Nikaanza tena usiku baada ya tarawehe, samli nikaiacha ipoe mpaka ikaanza kuganda, na hivyo vikasimama vizuri, juu kidoa chekundu kama vya Mama. Mama alikuwa akioka kwa makaa, moto chini na mwengine anaupalia juu ya kifuniko. Mimi natumia oveni ya gesi na harufu ile ya makaa siipati, naikosa.

Asubuhi ya Idi nnatoa kawa za ukili, nnafunika sahani, watoto wanapanda na kushuka ngazi kupeleka kwa majirani. Sahani hairudi tupu. Ya ghorofa ya juu ilirudi na visheti, ya mlango wa pili ikarudi na kaimati bado za moto, na kwa bibi mmoja wa chini, ambaye anaishi peke yake, kawa ilirudi na kikuba kimoja cha asumini na rehani, kimetungwa vizuri mno, nikakichomeka kifuani nikashinda nacho mpaka usiku kimekauka na bado kinanukia.

Kofia ya Baba haikuwahi Idi. Nlijua tangu kumi la mwisho la Ramadhani kuwa haitowahi, umeme ulikuwa ukikatika usiku na kazi hii taa ya simu haiifai, macho yanauma. Nikampigia Baba kumtaka radhi. Akacheka, akasema, "Mwanangu, mimi na kofia yangu ya zamani tumeshasali Idi nyingi, hiyo ishone kwa raha zako."

Basi nimeweka nia ya Idi Kubwa. Duara la juu limekwisha. Ukanda umebaki maua manne, kisha nitaifua, nitaitia wanga, niikaushie juu ya sufuria ndogo ikae umbo, na kuna mtu anasafiri na meli wiki ya mwisho kabla ya sikukuu ameshaniahidi kuibeba ampelekee Baba. Mvua bado inanyesha. Nageuza kaseti upande wa pili.