Dakika Kumi Pale Kawe

Juzi usiku mpwa wangu kanitumia picha, hata shikamoo hakuna. Mazda RX-8 nyekundu, ile milango yake midogo ya nyuma imefunguliwa kinyumenyume kama kabati. "Mjomba, bei poa. Niichukue?"

Nikaandika jibu, nikafuta. Nikaandika jingine, nikafuta.

Mwaka 2013 nilikuwa bado na ile Toyota Starlet yangu. Dalali akanipigia: kuna RX-8 iko Mikocheni, rangi ya fedha, gia za mkono, "halafu cc 1300 tu bosi, inanusa mafuta." Cc 1308 ni kweli, kadi inasema hivyo. Kunusa ndiyo uongo. Injini ile haina pistoni, ina rota mbili za pembetatu, na kwa kunywa petroli inakaa meza moja na magari ya cc 3000. Sikubisha. Nilishalipenda gari kabla ya kuliona.

Nilipita kwanza mtaa wa Gerezani, kwa fundi mzee wa Starlet yangu. Injini ya rota alishafungua moja tu maishani, na aliizungumzia kwa adabu, kama mtu anayemtaja mkwe. Ikila oili usishtuke, alisema, inaichoma kwa makusudi ili kulainisha zile sili, yaani vizibo, za kwenye ncha za rota. Mshtukie mwenye gari asiyepima oili. Na wakikuwashia ikiwa ya baridi, hiyo si habari. Ichemshe, izime, kaa dakika kumi, iwashe. Kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa, ikichoka hujificha kwenye ubaridi.

Mwenye gari alikuwa kijana mpole. Nikamuuliza mara ya mwisho kuongeza oili ni lini. "Kuongeza? Si tunabadilisha tukifanya servisi?"

Hapo ningeaga. Badala yake nikaingia ndani, tukashika barabara ya Bagamoyo mpaka Tegeta, na wakati wa kurudi nikaikanyaga kwenye gia ya pili. Mshale wa mizunguko ya injini ukapita elfu 7, ukapita 8, injini haitetemeki, inaimba tu, mpaka kikengele kikalia karibu na 9. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Kawe nikapaki chini ya mwembe, nikazima.

"Vipi kaka, kuna shida?"

"Napokea simu mara moja."

Simu yenyewe haikuita. Niliiweka sikioni nikaanza kuongea na hewa: kikao cha harusi, nani hajatoa mchango, ukumbi wanataka nusu ya hela kabla ya Ijumaa. Nilimgombeza mweka hazina. Jasho linanishuka, feni ya mbele inanguruma bado, kijana anatafuna kucha. Nikamwonea huruma, halafu nikajiuliza kama na yeye anajua ninachosubiri. Ilipotimia dakika ya kumi nikamuaga mweka hazina, nikazungusha ufunguo.

Stata ikazunguka. Ikazunguka. Nilihesabu mpaka tisa, nikaachia. Mara ya pili ikashika kwa kusitasita, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Betri hiyo," alisema, akiangalia nje.

Betri inayozungusha stata kwa kasi vile haina kosa. Nikamrudisha Mikocheni, nikashukuru, nikaondoka. Dalali alinununia mwezi mzima.

Miaka miwili baadaye, kwenye taa za Morocco, nikaisikia ile sauti kabla ya kuliona gari. Lilelile, na mkwaruzo wake ubavuni. Labda walishaweka injini nyingine. Labda mzee wa Gerezani alikosea. Nililifuata mpaka Mwenge, na mimi nilikuwa naenda Posta, upande mwingine kabisa.

Kwa hiyo mpwa wangu sikumwambia achukue wala aache. Nilimpa tu ule mtihani wa mzee. Leo asubuhi kapiga, sauti ya chini.

"Shikamoo mjomba. Nimeizima. Jamaa kakaa hapa pembeni, ananiangalia tu."

"Marahaba. Basi usikate, ongea na mimi."

"Tuongee nini?"

"Nani hajatoa mchango wa harusi?"