Gari liligoma kuwaka Jambiani

Tuling'oa viti vya nyuma vya Hiace, tukaweka godoro, jiko la gesi na friji ndogo ya volti 12, tukaizunguka Unguja na watoto: Nungwi, Matemwe, Paje. Asubuhi tukiwa Jambiani nikazungusha ufunguo. Gari likatoa "tak" tu. Na samaki washaanza kunuka.

Kipimo kilisoma volti 11.6; betri iliyojaa husoma kama 12.6. Friji inanyonya ampia 4, betri ni ya ampia-saa 60 (yaani ampia 1 kwa saa 60), na betri ya kuwashia gari haitakiwi kushuka chini ya nusu. Saa 8 tu zilitosha kuishusha chini ya nusu. Hesabu ya darasa la tano, nami sikuipiga!

Vijana wa pale walitusukuma barabarani mpaka likashika (bahati lina gia za mkono). Mjini nikanunua betri ya sola ya ampia-saa 100, nikaiunganisha na ya gari kupitia rilei, swichi ya umeme inayoziunganisha injini ikiwaka tu, kwa waya mnene, fyuzi karibu na kila betri. Friji sasa inakula betri yake. Pemba tulilala Vumawimbi. Asubuhi likawaka mara moja.