Jinsi tulivyopata fedha za uwanja wa wazi wa mtaa wetu, Tabora

Ombi letu lilirudishwa mara mbili. Tuliomba Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ule wa sheria ya 2009, utuongezee fedha za mabenchi na miti. Jibu: "Nguvu za wananchi hazionekani." Hazionekani vipi, na tripu nne za mchanga tuliochangia wenyewe zimemwagwa pale chini ya mwembe, watoto wanateleza juu yake!

Kosa lilikuwa letu. Mchanga ulikuwepo uwanjani, kwenye karatasi haukuwepo. Nikamwomba fundi aandike bei ya kila tripu, mawe na siku za msaragambo kwa ujira wa kibarua. Daftari la mahudhurio lilikuwa na madoa ya udongo. Nikalitoa kopi hivyo hivyo. Nikaambatanisha muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa wenye saini, na kipande cha ramani ya mipango miji kuthibitisha eneo ni la wazi, maana jirani mmoja alishaanza kusogeza ua wake.

Tukalipitisha ombi kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Safari hii halikurudi. Mabenchi yamefika, ingawa mawili yanayumba.